Baiskeli Kuukuu si Chuma Chakavu: Somo la Kuzitambua, Kuzikusanya na Kuzitengeneza

Katika miji ya Voi, Mwatate na Taveta, na katika vijiji vya milimani Dawida, Sagalla na Kasigau, ziko nyumba nyingi ambazo chini ya upenu wake imeegemezwa baiskeli nyeusi ya babu. Tairi zimeoza, kiti kimepasuka, na kuku hulala juu ya usukani. Siku moja hupita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Baiskeli hupimwa, fedha kidogo hutolewa, na chombo kilichobeba mahindi, wagonjwa na maharusi kwa miaka hamsini hukatwa vipande kabla ya jua kutua.

Aliyeiuza hakufanya kosa la makusudi. Hakujua alichokuwa nacho. Somo hili limeandikwa ili ajue. Litaeleza mambo manne: jinsi ya kuitambua baiskeli ya zamani, jinsi ya kuipata kwa haki, jinsi ya kuitengeneza pasipo kuiharibu, na jinsi ya kuipanda bila kuhatarisha maisha. Tutatazama hasa baiskeli za Ubelgiji, ambazo ni adimu katika nchi yetu na ambazo wakusanyaji huzitafuta sana; lakini mengi yatakayosemwa yafaa kwa baiskeli yoyote kuukuu.

ZILIKUJAJE HAPA?

Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, yenye mnyororo wa kuendesha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885, katika kiwanda cha J. K. Starley. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, alivumbua tairi ya kutiwa upepo iliyofaa kwa baiskeli. Miaka minane baadaye, mwaka 1896, ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa. Hivyo reli iliyoleta bidhaa hadi Voi, na baiskeli iliyozichukua kutoka stesheni hadi vijijini, ni vyombo vya kizazi kimoja.

Kwa kuwa Kenya ilitawaliwa na Uingereza, baiskeli nyingi zilizouzwa hapa zilikuwa za Kiingereza: Raleigh ya Nottingham, BSA ya Birmingham, Phillips, Hercules, Humber na nyinginezo. Walimu, makarani, makatekista na wafanyabiashara walizinunua kwa fedha walizoziweka akiba kwa muda mrefu. Baadaye zilikuja za Kihindi, kama Hero ya Ludhiana, kiwanda kilichoanza kutengeneza baiskeli mwaka 1956, na za Kichina kama Phoenix ya Shanghai. Hizi zilifuata umbo lile lile la Kiingereza: fremu nzito nyeusi, breki za fimbo za chuma, na keria imara nyuma. Watu wakazipa jina la "Black Mamba".

Zama zake zilianza kupungua pikipiki zilipoongezeka. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na punde si punde kazi ya bodaboda, ambayo asili yake ni baiskeli za mpakani Busia, ikawa ya pikipiki karibu kila mahali. Ndiyo sababu baiskeli nyeusi zimelala chini ya penu, na mafundi waliozijua kwa kuzigusa tu wanazidi kuzeeka.

ZA KIBELGIJI NI ZIPI?

Wabelgiji ni watu wa baiskeli tangu zamani. Eddy Merckx, ambaye wengi humhesabu kuwa mwendeshaji bora kuliko wote, alishinda mashindano ya Tour de France mara 5 kati ya mwaka 1969 na 1974. Mashindano ya dunia yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali Septemba 2025, Mbelgiji Remco Evenepoel ndiye aliyeshinda mbio za kupimwa kwa saa.

Miongoni mwa viwanda vya Ubelgiji, yafaa kuyajua majina haya. FN, yaani kiwanda cha taifa cha silaha kilichoanzishwa Herstal, karibu na Liège, mwaka 1889, kilitengeneza bunduki kwanza, kisha baiskeli na pikipiki. Nembo yake ya zamani huonyesha bunduki pamoja na mikono ya pedali. FN ilisifika kwa baiskeli zisizo na mnyororo, ambazo huendeshwa na fimbo inayozunguka ndani ya bomba. Ukiipata moja ya namna hiyo, umepata kitu cha thamani sana. Saroléa, pia ya Herstal, nayo ilianza kwa silaha. Minerva ya Antwerp ilianza na baiskeli mwaka 1897, kabla ya kuingia katika pikipiki na magari ya fahari. Flandria ya Zedelgem ilitengeneza baiskeli nyingi za kawaida na za mashindano mpaka ilipofilisika mwaka 1981. Merckx mwenyewe alifungua kiwanda chake mwaka 1980.

Je, baiskeli ya Kibelgiji yaweza kufikaje Voi? Ziko njia mbili za kufikirika. Ya kwanza ni upande wa magharibi. Wabelgiji walitawala Kongo mpaka mwaka 1960, na Rwanda na Burundi mpaka mwaka 1962. Bidhaa za kwao ziliuzwa huko, na mali ya watu husafiri pamoja na watu. Njia ya pili ni bandari ya Mombasa, ambako baiskeli zilizotumika Ulaya hushushwa pamoja na mitumba mingine, kisha huuzwa bara. Kwa hiyo usimcheke mtu akikuambia kwamba ameona jina la Flandria sokoni. Nenda ukatazame.

JINSI YA KUITAMBUA

Usiamini rangi, kwani rangi hupakwa upya. Tazama mambo yafuatayo kwa utaratibu.

Kwanza, nembo iliyo mbele, juu ya bomba la usukani. Kama imeng'olewa, tazama matundu yake madogo: nafasi iliyo kati ya tundu na tundu husaidia kujua nembo ya kiwanda gani ilikaa hapo.

Pili, namba ya fremu. Hupigwa mhuri chini ya bomba la pedali au karibu na kiti. Isugue taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha uiandike.

Tatu, mng'ao wa vyuma. Kabla ya miaka ya 1930 vyuma vya kung'aa vilipakwa nikeli, ambayo ina wekundu wa manjano kidogo kama fedha iliyozeeka. Baadaye ilikuja kromu, yenye mng'ao wa samawati mithili ya kioo. Usukani wa nikeli kwenye baiskeli ya kromu ni dalili kwamba umebadilishwa.

Nne, kitovu cha gurudumu la nyuma. Baiskeli nyingi za bara la Ulaya zina breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Iliyoenea sana ni Torpedo ya kiwanda cha Fichtel & Sachs, Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1903. Jina hilo peke yake halionyeshi kwamba baiskeli ni ya Kijerumani. Viwanda vingi vya nchi nyingine vilikinunua kitovu hicho.

KUINUNUA KWA HAKI

Mkusanyaji mwema hamdanganyi mjane wala mtoto. Mweleze mwenye mali kwamba unaitaka baiskeli kwa ajili ya kuitunza, umlipe zaidi ya bei ya mizani, na umwombe akusimulie habari zake: ilinunuliwa na nani, wapi, na ilifanya kazi gani. Habari hizo ni sehemu ya mali uliyonunua. Baiskeli yenye historia yake ni bora kuliko mbili zisizo nayo.

Kisha andikeni hati yenye jina la muuzaji, tarehe, bei na namba ya fremu, mtie sahihi nyote wawili. Hili si jambo la upuuzi. Sheria ya vyuma chakavu ya Kenya ya mwaka 2015 humtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni, na Januari 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa muda kwa sababu ya watu waliokuwa wakiharibu minara na nyaya za umeme. Anayebeba fremu kuukuu bila hati yaweza kumpasa ajieleze. Hati humlinda mnunuzi, na pia humlinda yule ambaye pengine baiskeli yake iliibiwa.

AMUA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Hapa ndipo wengi huharibu. Kijana hufurahi, akaipiga baiskeli msasa mpaka chuma cheupe, akaipaka rangi ya kung'aa, akafunga usukani mpya. Jioni ina sura nzuri. Lakini mistari ya dhahabu iliyochorwa kiwandani kwa mkono imekwenda, nembo ya duka iliyobandikwa zamani imekwenda, na hakuna awezaye kuirudisha. Rangi mpya yaweza kupakwa siku yoyote. Rangi ya kwanza ilipakwa mara moja tu.

Basi jiulize: baiskeli hii ni ya namna gani kati ya hizi tatu? Ikiwa rangi na vyombo vyake vingi ni vya asili, isafishe tu na kuitia mafuta. Iache na makovu yake. Ikiwa imekwisha kubadilishwa mara nyingi lakini fremu ni nzima, itengeneze kwa matumizi, hata kwa vyombo vipya. Ikiwa fremu imevunjika au imeoza kwa kutu hadi kutoboka, ihifadhi kwa ajili ya vipuri vyake, ili nyingine mbili zipate kuishi. Kabla ya yote, ipige picha pande zote, na kila unapofungua kitu piga tena.

KUIFUNGUA

Tia mafuta mepesi penye nati zote na uziache usiku kucha. Subira ya usiku mmoja huokoa bolti nyingi kuliko nguvu za mkono.

Kumbuka kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume cha desturi: huzungushwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Asiyejua hili huikaza zaidi akidhani anaifungua, mpaka akavunja mkono wa pedali. Katika baiskeli za Kiingereza, kikombe cha gololi kilicho upande wa mnyororo nacho hufunguliwa kinyume. Lakini zile zenye hesabu za Kifaransa hazifuati kanuni hiyo, nazo za Kibelgiji zipo za namna zote mbili. Kwa hiyo hesi zikikataa kushikana usizilazimishe, pima kwanza. Hesi zilizoliwa ndani ya fremu ni vigumu mno kuzirudisha.

Mikono ya pedali hushikwa na pini ya kabari. Usiipige pini hiyo hivi hivi. Mlaze mkono wa pedali juu ya kipande cha bomba au gogo gumu, pini ipate nafasi ya kutokea, ndipo upige pigo moja thabiti. Mapigo madogo madogo huipinda pini, na kishindo chake hugongesha gololi dhidi ya vikombe vyake na kuvitia alama.

Gololi zihesabu na kuziweka katika vikopo tofauti, kila mahali na kikopo chake. Zilizochakaa badilisha zote za mahali pale. Usichanganye kuukuu na mpya, maana zile mpya, zikiwa kubwa kwa unywele tu, zitabeba mzigo wote peke yake. Vumbi jekundu la Voi hupenya kila tundu, na likichanganyika na girisi huwa kama msasa. Futa girisi yote ya zamani kwa mafuta ya taa, kausha, ndipo utie mpya.

KUTU NA RANGI

Rangi safisha kwa maji vuguvugu, sabuni laini kidogo na kitambaa cha pamba. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Petroli usitumie juu ya maandishi, kwani huyayeyusha.

Kutu iliyo juu ya kromu huondoka kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji; ifinyange, usugue taratibu. Nikeli ni laini zaidi. Itumie kitambaa na mafuta. Vyuma vidogo visivyo na rangi vyaweza kulowekwa katika siki au maji ya ndimu, na kutazamwa kila baada ya saa chache. Ukivitoa, vioshe kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali uishe, vikaushe juani, na uvipake mafuta mara moja, la sivyo kutu itarudi kabla ya kesho.

Sikiliza onyo hili kwa makini. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Usiipige msasa mkavu. Lowesha msasa kwa maji, funika pua na mdomo kwa kinga nzuri, fanya kazi mbali na jiko na kisima, na mabaki yakusanye usiyaache uwanjani.

Fremu iliyopasuka usimpe fundi wa kulehemu kwa umeme asiyejua chombo hiki. Mabomba haya ni membamba, nayo yaliunganishwa kiwandani kwa shaba iliyoyeyushwa. Moto wa umeme hulitoboa bomba na kudhoofisha kiungo. Mtafute fundi wa gesi anayejua kuunganisha kwa shaba.

TAIRI NA MNYORORO

Tairi za baiskeli nyingi nyeusi ni za inchi 28 kwa 1½. Katika hesabu za Kifaransa, ambazo pia hupatikana kwenye baiskeli za Kibelgiji, kipimo hicho huitwa 700B, nacho ni kile kile: kipenyo cha milimita 635 mahali tairi inapokaa. Lakini 700C ni milimita 622, na tairi yake haitakaa juu ya rimu ya 635 hata ukiivuta kwa vyuma. Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi kabla ya kutoa fedha.

Mnyororo wa kawaida una nusu inchi kutoka pini hadi pini. Pima pingili 24: zikiwa inchi 12 kamili, mnyororo ni mzima, zikifika inchi 12 na moja ya nane, umekwisha, nao utayala meno ya gurudumu la pedali. Meno hayo mara nyingi yamekatwa kwa umbo la nembo ya kiwanda, na kuyapata mengine ni shida. Badilisha mnyororo ulio rahisi, uokoe meno yaliyo adimu.

BREKI: JAMBO LA UHAI

Baiskeli ya maonyesho yaweza kukosa breki, lakini ya kupandwa haiwezi. Barabara ya kushuka kutoka Wundanyi hadi Mwatate hupiga kona nyingi na kushuka mamia ya mita. Mahali kama hapo, baiskeli nzito yenye mzigo nyuma haimwogopi mtu.

Breki za fimbo zenye vipande vya mpira hushika vema rimu ya chuma ikiwa kavu, lakini mvua ya milimani ikiilowesha hushika hafifu mno. Breki ya kukanyaga nyuma haijali mvua, ila ina udhaifu wake: kwa mteremko mrefu hupata moto, girisi ikaungua, na nguvu zake zikapungua. Tena, kuna mkono mdogo wa chuma utokao kwenye kitovu hicho na kufungwa kwenye fremu. Mkono huo ukilegea, ekseli huweza kuzunguka na breki ikatoweka ghafla. Mnyororo ukikatika, breki hiyo nayo imekwenda pamoja nao. Kwa hiyo kila baiskeli yenye breki ya nyuma ya namna hii na iwe na nyingine ya mbele inayofanya kazi, na mpandaji apumzike njiani ili kitovu kipoe.

Chunguza pia foku, yaani ile panda ya mbele, hasa mahali inapoingia katika bomba la usukani. Ufa mdogo hapo, au rangi iliyokunjamana, ni dalili ya kuvunjika. Foku ya namna hiyo isinyooshwe kwa nyundo, itundikwe ukutani. Jaribu baiskeli kwanza katika uwanja tambarare, kisha kilima kidogo, na mteremko mkubwa uwe wa mwisho.

KUWEKA KUMBUKUMBU

Chukua daftari. Kwa kila baiskeli andika namba ya fremu, jina la kiwanda, habari ulizosimuliwa, mahali ilipopatikana, na kila ulichobadilisha. Vyombo ulivyovitoa usivitupe, hata vikiwa vibovu. Vifunge katika mfuko wenye namba ya baiskeli. Atakayekuja baada yako huenda akajua kuvitengeneza.

Na usijifungie peke yako. Mtafute fundi mzee wa mtaani kwako, keti naye, umlipe kwa muda wake, umwulize jinsi walivyokuwa wakinyoosha gurudumu kwa kusikiliza mlio wa spoki. Wakulima wa mkonge, wachuuzi wa mboga wa milimani na wafanyakazi wa reli wote waliitegemea kazi ya mikono yake. Mkusanye kijana mmoja au wawili wakae pamoja nanyi. Baiskeli yaweza kusubiri chini ya upenu miaka mingine kumi, ikiwa kavu na imepakwa mafuta. Ujuzi wa mzee hauwezi kusubiri hivyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande gani?
2. Utatofautishaje nikeli na kromu?
3. Kwa nini haifai kuipiga msasa mkavu rangi ya zamani?
4. Tairi ya 700C yaweza kukaa juu ya rimu ya milimita 635? Eleza.
5. Taja njia mbili ambazo breki ya kukanyaga nyuma yaweza kushindwa.
6. Je, nyumbani kwenu au kwa jirani ipo baiskeli kuukuu? Namba yake ya fremu ni ipi, na ni nani aliye hai awezaye kusimulia habari zake?

Swali la sita ndilo la kwanza kujibiwa, nalo halina jibu katika ukurasa huu. Chukua kitambaa na mafuta ya taa, ukalitafute leo.